Ungo Mzima

Kungwi hasemi ovyo, na akisema harudii. Ndivyo walivyopenda kujigamba watu wa ofisi ile ya Korogwe, na wageni wakiwasikia walidhani wanamsifu bibi mmoja wa kufunda wari. Wapi. Kungwi alikuwa kompyuta, amejaa ghorofa nzima, baridi tupu humo ndani, na waliompa jina hilo walijiona wana akili sana siku hiyo. Kazi yake ilikuwa kuchunguza kila kemikali ya kiwandani kabla haijagusa maji ya watu, aone kama itaudanganya mwili. Akiridhika alitoa maneno mawili tu: Sina neno. Asiporidhika: Nina neno. Na akisema ana neno juu ya kitu kilichokwisha kuingia kwenye mabomba, koki kuu zilijifunga zenyewe, kila mji wenye kitu hicho, bila kumwomba mtu ruhusa. Sheria ilitaka hivyo, kwa sababu watu wa kuombwa ruhusa walikwisha kujulikana tabia zao.

Semeni Mhando alikuwa msikilizaji wa Kungwi. Mashine ile ilikuwa na sikio, yaani namba ya simu ya bure ambayo mzazi yeyote aliweza kupiga akaeleza alichokiona kwa mwanawe, na Kungwi akazipanga simu hizo kwa mafungu. Semeni alihakikisha sikio halikosei maneno. Wenzake walimtania kwamba mama yake alimwita Semeni, akaishia kusikiliza.

Jumatatu hiyo alikuwa ndiyo kwanza amekaa na chai yake, simu yake mwenyewe ikaita. Alikuwa Mishi, mke wa kaka yake, kutoka Kwemsala.

"Wifi, uko peke yako?"

"Niko na kitumbua. Sema."

"Kiweke hicho kitumbua."

Semeni akakiweka. Mishi si mtu wa kuzunguka, lakini siku hiyo alizunguka. Aliuliza habari za kazi, akauliza za mvua, akauliza tena za kazi. Mwisho akasema kwa sauti ya chini, "Chiku kavunja ungo."

"Chiku yupi?"

"Kwani nina Chiku wangapi?"

"Wifi, Chiku ana miaka saba."

"Ndiyo maana nimekupigia wewe. Shangazi ndiye wa kuambiwa kwanza, au huko mjini mmeshabadilisha? Baba yake hajui. Nimempeleka zahanati, nesi kanitazama weee, kisha kaniambia, mama, wa kwako si wa kwanza. Na nilipiga ile namba yenu. Nikasema, mwanangu kavunja ungo. Unajua kidude chenu kilinijibu nini?"

"Kilisema nini?"

"Pole sana, uharibifu wa vyombo vya nyumbani haushughulikiwi na huduma hii. Nikadhani nimekosea namba. Nikapiga tena. Kikanishauri nikanunue mwingine sokoni."

Siku nyingine wangalicheka mpaka wakalia, mawifi hao. Semeni hakucheka. Aliuliza kama Chiku anaumwa, akaambiwa haumwi, yuko nje anaruka kamba. Akauliza kama amepata maelezo yoyote, akaambiwa amedanganywa kwamba amejikwaruza. Chai ikapoa pale pale mezani.

*

Alishuka kwenye chumba cha sikio. Kila simu iliyopigwa ilihifadhiwa humo, hata zilizotupwa kando kwa kutohusika. Fungu la vyombo vya nyumbani lilikuwa kubwa kuliko alivyodhani. Palikuwa na waliopiga kulalamikia sufuria, na mlevi mmoja aliyetaka arudishiwe jiko lake. Semeni akaiambia mashine imchagulie simu zote zenye neno ungo.

Zilikuja nyingi. Zilitoka Kwemsala na miji miwili ya jirani, na kwingineko karibu hakuna. Akavaa visikizio akaanza kuzisikiliza moja moja. Sauti zilikuwa za wanawake, karibu zote za kunong'ona, mtu anayezungumza huku akitazama mlango. Mmoja alisema bintiye ana miaka minane. Bibi mmoja alisema, mjukuu wangu bado ana pengo, meno ya mbele hayajarudi, naye keshavunja ungo, sasa nimweke ndani nimfunde nini, mtoto anayelilia pipi? Na baada ya kila sauti, Kungwi kwa upole wake: pole sana, uharibifu wa vyombo vya nyumbani.

Semeni alijua kosa lilipoingilia. Waliolifundisha sikio lugha walikuwa vijana wa kiume, hodari wa kompyuta, waliokaa miezi katika chumba kimoja wakiingiza maneno. Walipofika kwenye mambo ya wanawake walimwuliza daktari, naye akawapa maneno ya hospitali: hedhi, balehe. Hakuna mwanamke wa ofisi ile ambaye angekwenda kuwaambia wavulana wale kuhusu kuvunja ungo, na hakuna mvulana ambaye angeuliza. Haya ilikaa katikati ya chumba, kila mtu akaipitia pembeni. Ungo ukabaki kuwa chombo cha kupepetea mchele.

Miji ile mitatu ilikuwa na jambo moja la pamoja, na Semeni hakuhitaji kulitafuta. Ilikuwa na mabomba ya utando. Utando ulikuwa ngozi nyembamba iliyopakwa ndani ya bomba, kijidudu kikigusa kinakufa, na kidogo kidogo ilimomonyoka majini ikanywewa. Kungwi aliuchunguza utando huo miaka mitano nyuma akasema, Sina neno.

Semeni akamwuliza Kungwi upya juu yake. Namna ya Kungwi ilikuwa hivi. Homoni za mwili ni matarishi wenye funguo, na kila kiungo kina vitasa vyake. Tarishi akifika, ufunguo ukaingia, kiungo kinatii: kua, acha kukua, sasa wewe ni mwanamke. Kemikali nyingine hufanana na ufunguo bila kuwa ufunguo, zikaingia kitasani na kutoa amri ambayo mwili haukuituma. Kungwi alichukua umbo la kemikali, akaligeuza huku na huku katika kila kitasa cha mwili wa binadamu, maelfu ya mageuzi kwa dakika. Zamani kazi hii walifanyiwa panya, tena kwa miaka.

Utando ukageuzwa. Haukuingia popote. Mkubwa mno kwa kitasa.

Semeni alikaa akifikiri. Kisha akauliza swali ambalo halikuulizwa miaka mitano nyuma: na ini likishaukata? Maana kitu hakifiki kwenye damu kilivyomezwa. Ini hukikatakata kwanza, na Kungwi, pamoja na ukubwa wake wote, hakuwa na ini. Alijibu tu alichoulizwa. Mashine ikavuma kidogo, ikaukata utando vipande viwili, na kipande kidogo kikaingia katika kitasa cha homoni ya kike bila hata kulazimishwa.

Kioo hakikuandika Nina neno. Ili Kungwi atoe neno juu ya kitu kilichomo mabombani tayari, sheria ilitaka vitu viwili vikutane: umbo linaloingia kitasani, na vilio vilivyofika sikioni. Umbo sasa lilikuwapo. Vilio vilikuwa kwenye fungu la sufuria. Ingetosha msikilizaji asahihishe neno moja, na sikio lingesoma upya kila simu papo hapo. Koki za miji mitatu zingefungwa kabla hajavua visikizio.

Nje, mawingu ya masika yalikuwa yamekwisha kujipanga.

*

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Kaa. Uso huo haujaleta heri."

Daktari Hoza, mkuu wa ofisi, alikuwa na umri wa baba yake Semeni, na Semeni alipofika kwenye neno lenyewe ulimi ulimgomea. Akalisema hivyo hivyo. Mzee akageuza macho dirishani, akayaacha huko mpaka alipomaliza.

"Ukilisahihisha," alisema Hoza, "watu wa Kwemsala watakunywa wapi?"

"Mtoni."

"Na masika haya."

"Na masika haya."

Hoza akavua miwani. "Mimi nilikuwa Kwemsala mwaka ule wa kipindupindu. Nilikwenda daktari, nikageuka mchimba kaburi. Kuvunja ungo mapema hakuui, Semeni. Kipindupindu kinampata mtu asubuhi, magharibi mnarudi kutoka makaburini bila yeye."

"Si ungo tu, Daktari. Mifupa yao inafunga mapema, watabaki wafupi. Na maradhi ya matiti ukubwani unayajua kuliko mimi."

"Ukubwani," alisema Hoza. "Angalau ataufikia huo ukubwa."

Asitokee mtu akasema jibu la Semeni lilikuwa jepesi. Alijiona anataka kukubali. Lingekuwa jambo la raha, kukubaliana na mzee mwenye huruma na kwenda kupasha chai moto. Akajikasirikia kwa kulitaka.

"Ngoja masika yapite," Hoza aliendelea. "Miezi mitatu. Nitawapigania mabomba mapya, nakuahidi, kwa meno na kucha."

"Na katika miezi mitatu watavunja ungo wangapi?"

"Sijui. Na wewe ukifunga maji, watakufa wangapi?"

"Sijui."

"Basi tumelingana."

"Unaniamuru, Daktari?"

"Siwezi, nawe unajua siwezi. Sheria ilinifunga mikono makusudi, wenye viwanda wasije wakapitia kwangu. Sikio ni lako peke yako. Nakuomba tu, mzazi kwa mzazi."

"Mimi sina mtoto, Daktari."

"Una Chiku," alisema Hoza. Semeni hakuwa amelitaja jina hilo kwa nia, lakini katika kueleza lilimtoka, na mzee alikuwa amelishika.

*

Kesho yake alikwenda Kwemsala. Uani alimkuta Chiku kwenye bomba, amekinga mdomo, anakunywa. Mtoto alipomwona shangazi yake aliacha maji yakimwagika, akatabasamu, pengo wazi mbele, meno mawili ya juu hayapo.

"Thikamoo, thangazi."

"Marahaba, mama. Funga bomba."

"Meno yangu yameliwa na panya. Baba kathema yatarudi."

"Yatarudi. Funga bomba kwanza."

Alitaka kumwambia asinywe. Lakini anywe nini? Akamshika kichwa tu, akapita jikoni.

Mishi alikuwa anapepeta mchele. Alisogeza mkeka kidogo, Semeni akakaa, na kwa muda palikuwa na sauti ya ungo peke yake. Kisha Semeni akamweleza yote, utando, ini, vitasa, ombi la Hoza la miezi mitatu. Hakumficha kitu. Mishi aliendelea kupepeta mpaka mchele ulipokuwa safi kupita kiasi.

Mishi alizaa mara mbili. Wa kwanza, Hamza, alichukuliwa na kipindupindu mwaka ule, kabla ya utando. Chiku alizaliwa baadaye.

"Sasa wifi," alisema Mishi, "umefunga safari kuja kuniuliza mimi? Huyu nimpeleke mtoni kama yule, au nimnyweshe uongo? Yule hayupo. Nimebaki na mmoja."

"Sikuuliza ili nikubebeshe. Sikuweza kuamua peke yangu bila kukutazama."

"Haya, nitazame."

Semeni akamtazama. Macho ya Mishi yalikuwa mekundu, lakini hakulia.

"Nitakuambia jambo moja. Mwaka ule nilikuwa nachemsha maji humu ndani kila siku. Hamza alikunywa kijitoni akitoka shule. Hakuna aliyeniambia kile kijito kina nini. Ningaliambiwa, ningalimfunga chupa shingoni, ningalimfuata mpaka darasani. Maji mabaya ninayoyajua nitapigana nayo, wifi, hata nikishindwa. Haya yenu mazuri nilikuwa nayakaribisha. Nilikuwa namwambia kunywa mwanangu, kunywa tena, maji haya ni salama." Akauweka ungo ukutani. "Daktari wenu ana huruma, simkatalii. Lakini huruma yake inataka mimi niendelee kumjazia kikombe kwa mikono yangu, miezi mitatu, bila kujua. Watu wazima tuambiwe. Tukishaambiwa, tutajua pa kuchota."

"Watu wanaweza kufa, Mishi."

"Najua watu wanavyokufa. Nani ajue kuliko mimi?"

Ndipo Kibwana alipoingia, spana mkononi, anaita jina la dada yake kwa furaha. Yeye ndiye fundi mkuu wa mabomba ya Kwemsala. Mishi akainama. Mambo ya ungo hayasemwi na mama mbele ya baba, na shangazi akiyasema huyafumba kwa vijembe na zawadi, baba akaelewa mwenyewe akanyamaza. Semeni alikuwa hana zawadi wala muda.

"Kaka, Chiku amevunja ungo."

Kibwana alisimama. Akamtazama mkewe, akatazama chini. Kutoka nje ilisikika kamba ikipiga ardhi na Chiku akihesabu, tatu, nne, tano, thita.

"Ni haya maji," alisema Semeni, akamweleza.

Kibwana aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Mimi ndiye niliyeyalaza mabomba haya," alisema. "Kwa mikono hii. Watu walinibeba juu siku maji yalipotoka."

"Na mimi nilikuletea uji ukiyalaza," alisema Mishi. "Hatutaki kilio sasa, Kibwana. Tunataka maji."

Alifikiri huku akiipangusa spana kwa kanga ya mkewe, naye Mishi, jambo la ajabu, akamwacha. Kuna visima viwili vya zamani, alisema, pampu zake mbovu lakini zinatengenezeka. Kuna maboza ya maji Korogwe. Dawa ya kutibu maji ataichukua wilayani, itagawiwa nyumba kwa nyumba. Havitatosha, lakini vitaanza. "Nipe mpaka Ijumaa," alimwambia dada yake. "Baada ya swala nitawatangazia watu kwamba maji yanafungwa."

"Na sababu?"

Kibwana akaitazama spana.

"Mficha uchi hazai," alisema Mishi. "Kama utaona haya, nitakwenda kutangaza mimi."

"Nitasema," alisema Kibwana. "Nitasema hata mwanangu yumo. Jina sitalitaja."

*

Ijumaa mchana Semeni alikaa mbele ya kioo. Hoza alikuja akasimama nyuma yake. Asubuhi alikuwa amepiga simu wilayani yeye mwenyewe kuharakisha dawa ya maji na kuwaonya watu wa ile miji mingine miwili, na maboza matatu yaliyokuwa njiani yalikuwa kwa jina lake.

Kwenye kioo palikuwa na mstari mfupi: ungo, chombo cha kupepetea nafaka. Chini yake Semeni akaongeza: kuvunja ungo, msichana kupata hedhi kwa mara ya kwanza. Akakosea herufi, akafuta, akaandika tena. Kisha akathibitisha.

Sikio likaanza kusoma upya. Simu zilichomoka kwenye fungu la vyombo, moja baada ya nyingine, zikahamia zinakostahili. Kungwi akavuma. Kioo kikaandika, Nina neno. Kwenye ramani ukutani, taa tatu zikageuka nyekundu, na Hoza akashusha pumzi akaketi.

"Mungu atusaidie masika haya," alisema.

"Amina," alisema Semeni.

Hakuwa na furaha. Alikuwa na hofu, na ndani ya hofu hiyo palikuwa na kitu kilichosimama wima, ambacho Jumatatu hakikuwapo.

Likabaki jambo la mwisho, ambalo Kungwi alilifanya bila kuambiwa. Kila aliyeleta kilio hupigiwa simu kuulizwa umri wa mtoto. Semeni akavaa visikizio. Msikilizaji husikia tu, hawezi kusema ndani ya simu hizo. Akaitafuta namba ya Mishi. Ikaita, ikaita, ikapokelewa. Nyuma palisikika injini ya boza na makelele ya watu na ndoo.

"Haloo, nani?" Ilikuwa sauti ndogo.

"Hii ni huduma ya Kungwi," ilisema mashine kwa sauti yake ya kike, tulivu. "Samahani kwa kuchelewa kukusikia. Ulituarifu kwamba mtoto amevunja ungo. Mtoto huyo ana umri gani?"

"Thi mimi," alisema Chiku. "Mimi thijavunja. Ungo wetu upo jikoni, mzima. Njoo uone."

Kungwi hakuwa amefundishwa la kujibu hapo. Akauliza tena. "Mtoto aliyevunja ungo ana umri gani?"

"Mama," aliita Chiku, sauti imeanza kubeba kilio. "Kuna bibi anathema nimevunja ungo. Thijavunja mimi, mama, haki ya Mungu."

Zikasikika kandambili zikija mbio, ndoo ikatuliwa, maji yakamwagika kidogo. Semeni alikuwa amefunga mdomo kwa kiganja.

"Nipe simu, mwanangu," alisema Mishi. "Hujavunja kitu. Nenda ukacheze." Akangoja mtoto aende. Kisha akaisogeza simu mdomoni.

"Saba," alisema. "Safari hii sikia vizuri. Ana miaka saba."